Kununua na Kungoja Bei: Ihtikari, Zaka na Biashara ya Vitu vya Kuchezea

  

Ndugu msomaji, Muislamu mwenye kipato kidogo anayetaka kuweka akiba bila kugusa riba huangalia huku na huku. Wapo wanaonunua mbuzi, wapo wanaonunua mahindi wakati wa mavuno na kuyaweka, wapo wanaonunua kiwanja. Zama hizi pia kuna njia ambazo wazee wetu hawakuzijua, na moja ni kununua vitu vya kuchezea watoto, kuviweka vikiwa vimefungwa, na kungoja bei ipande. Huenda imamu akacheka akiulizwa jambo hili. Lakini ndani yake mna mlango mkubwa wa fiqhi, nao ni hukumu ya mtu anayenunua kitu asichokihitaji, akakizuia, ili akiuze kwa bei kubwa zaidi. Mlango huo unawahusu wengi kuliko wanavyodhani.

Tuchukue mfano wa kijana wa Kimali, mkoani Simiyu. Ameuza pamba yake, amelipa madeni, amewaachia watu wa nyumbani chakula, amebakiwa na shilingi 400,000. Ndugu yake anayefanya kazi Muscat anamwambia: "Nitumie fedha hiyo, nikununulie seti mbili za LEGO. Tutaziweka miaka mitatu, kisha tuziuze." Je, kijana huyu akubali? Na sheria inasemaje?

BIASHARA HII NI NINI

LEGO ni matofali madogo ya plastiki ambayo mtoto huyaunganisha akajenga nyumba, gari au meli. Kampuni inayoyatengeneza ilianzishwa mwaka 1932 na fundi seremala Ole Kirk Christiansen katika mji mdogo wa Billund, nchini Denmark. Tofali la namna inayojulikana leo lilisajiliwa hataza tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka huo bado linashikana na la leo.

Matofali huuzwa kwa seti, kila seti katika boksi lake, yenye namba yake na idadi ya vipande iliyoandikwa juu. Seti hukaa madukani muda fulani, mara nyingi mwaka mmoja au miwili, kisha kiwanda huacha kuitengeneza. Hapo anayeitaka hana budi kuitafuta kwa aliyeiweka, na hiyo ndiyo sababu ya bei kupanda. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha HSE cha Moscow, Victoria Dobrynskaya na Julia Kishilova, walichunguza bei za seti zaidi ya 2,000 za miaka ya 1987 hadi 2015. Walikuta kwamba kwa wastani seti zilizoacha kutengenezwa zilipanda thamani kwa takriban asilimia 11 kwa mwaka.

Neno "wastani" lisimdanganye mtu. Katika seti hizo zimo zilizopanda mara nyingi na zimo zilizoshuka. Mfano mzuri ni seti ya Taj Mahal, jengo ambalo Sultani Shah Jahan alianza kulijenga Agra mwaka 1632 juu ya kaburi la mkewe Mumtaz Mahal. Seti hiyo, yenye vipande 5,922, ilitoka mwaka 2008 kwa dola 300 hivi nchini Marekani. Ilipoacha kutengenezwa, bei yake mikononi mwa watu ilipanda mara kadhaa. Mwaka 2017 kampuni ikaitoa upya kwa dola 370 hivi, karibu sawa kabisa na ile ya kwanza, na bei ya zile za zamani ikaporomoka. Aliyeinunua kwa bei ya juu mwaka mmoja kabla ya hapo alipata hasara bila kosa lolote la kisheria. Hiyo ndiyo biashara: ina faida na ina hasara.

JE, YAFAA KUVIUZA NA KUVINUNUA?

Asili katika miamala ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuharamisha. Sharti moja la kitu kinachouzwa ni kuwa na manfaa yanayokubalika kisheria. Kumfurahisha mtoto na kumzoesha kufikiri na kujenga ni manfaa ya halali. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere akichezea katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), kama ilivyothibiti kwa Bukhari na Muslim. Katika riwaya ya Abu Daud, miongoni mwa vitu vyake alikuwa na farasi mwenye mbawa za kitambaa. Mtume (s.a.w.) alimuuliza habari zake, naye alipomjibu kwa kumtaja Nabii Suleiman (a.s.) na farasi wake, Mtume (s.a.w.) alicheka.

Kwa dalili hizi wengi wa wanazuoni wameruhusu wanasesere wa watoto na kuwavua katika katazo la masanamu, ingawa wapo waliosema ruhusa hiyo ilifutwa. Katika seti nyingi za LEGO, tangu mwaka 1978, mna watu wadogo wa plastiki. Wako chini ya khitilafu hiyo hiyo. Anayetaka kujitoa katika khitilafu achague majengo, magari na meli, na aache kabisa seti zenye masanamu ya kuabudiwa au alama za dini nyingine. Mlango huu, kwa hiyo, si mgumu. Ugumu uko katika kuzuia.

IHTIKARI NI NINI?

Imepokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Ma'mar bin Abdillah (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimhesabu mwenye kufanya ihtikari kuwa ni mkosaji. Ukiishia hapo utasema kila anayeweka bidhaa akingoja bei ameingia katika kosa. Lakini riwaya hiyo hiyo ina ziada yenye mafunzo. Said bin Al-Musayyib, aliyeipokea, aliambiwa kwamba mbona yeye mwenyewe anaweka bidhaa. Akajibu kuwa hata Ma'mar, aliyemsimulia hadithi hii, alikuwa akiweka. Ibn Abdil-Barr na wengineo wameeleza kuwa walichokuwa wakiweka ni mafuta. Abu Daud ametaja kuwa Said aliweka kokwa za tende, majani ya malisho na mbegu. Maana yake ni kwamba wapokezi wa katazo hawakulifahamu kuwa linahusu kila kitu na kila hali.

Kwa ajili hiyo fuqahaa wameweka mipaka:

(1) Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika nchi zetu za Afrika Mashariki, yameihusisha ihtikari iliyoharamishwa na vyakula. Imamu Nawawi ameeleza sura yake: mtu kununua chakula wakati bei iko juu, kwa ajili ya biashara, kisha asikiuze bali akakiweka ili bei izidi kupanda. Aliyeleta chakula kutoka shambani kwake, au aliyekinunua wakati wa wingi na bei nafuu akakiweka, au aliyekinunua kwa haja ya nyumba yake, haingii katika katazo hilo.

(2) Mahanbali nao wameihusisha na chakula cha watu. Abu Hanifa na mwanafunzi wake Muhammad wameongeza chakula cha wanyama.

(3) Abu Yusuf, mwanafunzi mwingine wa Abu Hanifa, amesema kila kitu ambacho kukizuia kunawadhuru watu ni ihtikari, hata kikiwa si chakula. Wamaliki nao wanaelekea huko: wameangalia madhara, si aina ya bidhaa.

Rai hizi zote zinakutana mahali pamoja. Sababu ya katazo ni madhara wanayopata watu kwa kuzuiliwa kitu wanachokihitaji. Basi swali la kumuuliza mwenye kuweka bidhaa ni hili: ni nini ulichokizuia, na ni nani anayekikosa?

Kwa kipimo hiki boksi la matofali ya plastiki lililoko kabatini Muscat halina ihtikari kwa rai yoyote katika hizi. Si chakula, si dawa, si nguo, wala si vazi la maiti. Hakuna mtoto atakayelala na njaa kwa sababu limefungwa. Mwenye kulikosa atanunua jingine.

MAFUNZO YA HISTORIA

Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) alilisimamia jambo hili kama mtawala. Katika Muwatta ya Imamu Malik imepokewa kwamba aliwakataza wenye fedha za ziada kuvamia riziki inayofika sokoni Madina, wakainunua na kuizuia. Lakini yule aliyebeba bidhaa kwa mgongo wake kutoka mbali, wakati wa baridi na wa joto, huyo alimfanya mgeni wake, auze atakavyo na aweke atakavyo. Umar alitofautisha kati ya anayeleta na anayezuia. Wa kwanza ameongeza kilichoko sokoni, wa pili amepunguza.

Huko Cairo, Al-Maqrizi, ambaye aliwahi kuwa muhtasib, yaani msimamizi wa masoko, aliandika kitabu kizima kuhusu njaa na kupanda kwa bei mwanzoni mwa karne ya 9 Hijria. Aliyaona mambo haya akiwa sokoni, si kwa kuhadithiwa.

Sisi nasi tunayo historia yetu, na lugha yetu imetupa neno lake: ulanguzi. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, Serikali ya Tanzania iliendesha msako mkubwa wa walanguzi na wahujumu uchumi, na sheria maalumu ikapitishwa mwaka huo huo. Kweli, uhaba wa wakati ule ulikuwa na sababu nyingi, ikiwemo vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na ukosefu wa fedha za kigeni. Lakini wenye umri mkubwa wanakumbuka foleni za sabuni, sukari na khanga, na wanakumbuka kuwa wapo waliokuwa navyo wakavificha. Sabuni si chakula. Aliyeishi miaka ile anaelewa vizuri kwa nini Abu Yusuf hakuishia kwenye chakula peke yake.

TURUDI KIMALI

Sasa, ndugu msomaji, tumuangalie jirani wa kijana wetu. Huyu hanunui vitu vya kuchezea. Ananunua mahindi na mtama wakati wa mavuno, anayajaza ghalani, anangoja. Hakuna anayemcheka, kwani kazi yake inajulikana na inaheshimika. Je, hukumu yake ni ipi?

Kwa maelezo ya Imamu Nawawi yaliyotangulia, aliyenunua wakati wa wingi hana kosa. Bali huenda amefanya la kheri: amempa mkulima fedha alipozihitaji, na amekihifadhi chakula kisiishe mapema. Nabii Yusuf (a.s.) aliwaelekeza watu wa Misri wahifadhi nafaka katika mashuke yake miaka ya neema, kwa ajili ya miaka saba ya shida. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka, kama ilivyopokewa kutoka kwa Umar (r.a.) katika Sahihi mbili. Mama wa Kisukuma anayekausha viazi akapata michembe na matobolwa ya kulisha watoto hadi msimu ujao hafanyi ihtikari. Anatunza familia.

Lakini hukumu hii haisimami mahali pamoja mwaka mzima. Mkoa wa Simiyu una maeneo makavu, na mvua ikikatika mavuno hukatika. Ikifika miezi ya dhiki, watu wakawa wanahitaji chakula na hawakipati kwingine, hapo mambo yanabadilika. Nawawi amenukuu makubaliano ya wanazuoni kwamba mwenye chakula, watu wakidharurika nacho na wasipate kingine, atalazimishwa kukiuza ili kuwaondolea madhara. Aliyenunua kwa halali mwezi wa mavuno anaweza kuwa mwenye dhambi mwezi wa njaa, kwa kufunga mlango wa ghala lile lile. Mahindi ni yale yale, magunia ni yale yale. Kilichobadilika ni haja ya watu.

Hapa ndipo maimamu wanapotakiwa kuwa macho. Ni rahisi kumkemea kijana mwenye maboksi ya michezo kwa kuwa jambo lake ni geni. Ni vigumu kumkumbusha mwenye ghala, hasa akiwa ndiye anayechangia mafuta ya taa na mikeka ya msikiti. Lakini kwa mizani ya sheria, mwenye kuhofiwa zaidi ni wa pili.

ZAKA YAKE

Kijana amenunua seti kwa nia ya kuziuza. Hizo ni uruudh at-tijara, mali ya biashara, na zaka yake ni wajibu kwa kauli ya wengi wa wanazuoni. Mambo ya kuzingatia ni haya:

(1) Nia. Katika madhehebu ya Shafi nia ya biashara iwepo wakati wa kununua. Aliyemnunulia mwanawe seti achezee, kisha baadaye akaona bora aiuze, haiwi mali ya biashara kwa nia hiyo pekee.

(2) Nisabu. Thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha. Aulize bei ya siku hiyo.

(3) Mwaka. Ukitimia mwaka wa Hijria, athamini bidhaa kwa bei ya soko ya siku hiyo, si kwa bei aliyonunulia.

(4) Kiasi. Asilimia 2.5. Mfano: ana seti zenye thamani ya shilingi 2,000,000 na fedha taslimu shilingi 1,000,000. Jumla ni 3,000,000. Ikiwa imefikia nisabu, zaka yake ni shilingi 75,000.

Imamu Malik ana ufafanuzi unaogusa mas-ala yetu moja kwa moja. Amemtofautisha mfanyabiashara anayezungusha mali kila siku, ambaye hutoa kila mwaka, na yule anayeweka bidhaa akingoja soko. Huyu wa pili, kwake, hutoa zaka ya mwaka mmoja pale anapouza, hata akiwa ameiweka miaka kadhaa. Jumhur wamesema atoe kila mwaka, na hilo ndilo lenye hadhari zaidi. Mali iliyotolewa zaka si ile hazina iliyokemewa katika Suratut-Tawba, kama alivyoeleza Ibn Umar (r.a.).

KWA ANAYETAKA KUANZA

Kwanza, aanze na cha ziada. Nafaka ya mke, watoto na wazazi ni wajibu, na deni ni wajibu. Boksi la michezo ni mubaha. Mubaha hautangulizwi mbele ya wajibu. Na asikope kwa riba ili anunue, kwani atakuwa ameikimbia riba kwa kuingia ndani yake.

Pili, aandike makubaliano na ndugu yake, kama tulivyoamrishwa katika Suratul-Baqara kuhusu madeni. Je, ndugu ni wakala tu, anayenunua na kupokea kwa niaba yake? Au ni mudharaba, mmoja akitoa mtaji na mwingine kazi? Ikiwa ni mudharaba, faida igawanywe kwa sehemu inayojulikana, kama nusu au theluthi, si kiasi maalumu cha fedha, na hasara ya mtaji ni ya mwenye mtaji. Undugu mwingi umevunjika kwa kusemwa tu kwamba "tutaelewana".

Tatu, asiuze asichokimiliki. Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam (r.a.) kuuza kisichokuwa kwake. Kwa hiyo seti aliyoiona tu kwenye tangazo asiiuze kabla yeye au wakala wake hajainunua na kuipokea.

Nne, aseme kweli. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kuna maji, akamkemea mwenye kulificha. Boksi lililobonyea, lililofunguliwa au lililopungua vipande lielezwe. Zipo pia seti za kughushi. Mwaka 2019 polisi wa Shanghai walivamia kiwanda cha Lepin kilichokuwa kikinakili LEGO. Anayeuza nakala kwa jina la asili ameghushi, na mnunuzi ana khiyari ya kurudisha.

Tano, ahesabu gharama zote. Thamani ya seti iko katika boksi lisilofunguliwa. Jua, unyevu, vumbi na panya huliharibu, na nyumba ya bati ya Kimali ina joto kali mchana. Akizileta nyumbani atalipia usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, na baada ya hapo hatapata mnunuzi Bariadi. Wanunuzi wako Ulaya, Marekani na Ghuba. Ndiyo maana ni bora zibaki aliko wakala.

Sita, asiweke fedha yote hapo. Mbuzi huzaa na hutoa maziwa, shamba huota. Boksi halizai, linangoja tu. Asiyeweza kungoja miaka mitatu bila kuigusa fedha hiyo, biashara hii si yake.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kununua kitu na kungoja bei si dhambi kwa dhati yake. Hukumu inafuata kitu kilichozuiwa na mtu anayekikosa. Kijana wa Kimali akitaka kuweka shilingi zake 400,000 katika seti mbili, afanye kwa masharti tuliyoyataja, huku akijua kuwa anaweza kupata na anaweza kukosa. Na mwenye ghala aendelee na kazi yake, ila aweke sikio mlangoni. Siku jirani atakapobisha akitafuta debe la mahindi na hakuna pengine pa kulipata, siku hiyo kungoja kumekwisha.

Allah (s.w.) aturuzuku riziki ya halali, na atuepushe na kula madhara ya wenzetu. Wallahu a'lam.